Mzee wa Makoti

Binti yake alinipigia simu siku moja ya vuli, natoka kazini, akaniambia wameamua kumhamishia baba yake Markham, nje kidogo ya Toronto. Hakuniomba ushauri. Chumba kilikuwa tayari, mapazia yameshatundikwa, kitanda kimeshanunuliwa. Kilichobaki ni mtu wa kumwambia mwenyewe, na yeye alikuwa ameshaamua kwamba mtu huyo ni mimi.

"Dada, wewe atakusikia," alisema. "Mnagombana kila Jumamosi lakini anakusikia. Ameanguka bafuni, Dada. Hakuniambia, nimeambiwa na watu. He's not safe peke yake."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja. Katika miaka yote niliyomjua, Mzee wa Makoti ndiye aliyekuwa akiwaamulia watu: wavae nini, wasome nini, wamsalimie nani kwanza kwenye lifti. Sasa ameamuliwa yeye. Watamtoa katika jengo ambalo anamjua kila mtu kwa jina na kwa kikohozi chake, wampeleke kwenye nyumba nzuri ya binti yake, mtaa ambao hata kununua kitunguu lazima uwashe gari. Na taarifa nimebebeshwa mimi, ambaye kazi yangu kwa miaka yote ilikuwa kumpinga.

Jina la Mzee wa Makoti lilitokana na kabati lake. Jengo letu ni mojawapo ya yale maghorofa marefu ya Thorncliffe Park, na chini kabisa, pembeni ya chumba cha kufulia nguo, kulikuwa na stoo ambayo meneja wa jengo alimwachia. Humo aliweka kabati, na ndani ya kabati makoti ya baridi aliyoyakusanya msikitini, makanisani, na kwa watu waliokuwa wanahama. Chini ya makoti kulikuwa na kopo la biskuti lisilokuwa na biskuti tangu enzi, limejaa sindano, nyuzi, vifungo, na ule utepe unaong'aa wanaovaa mafundi wa barabara. Aliwahi kuwa na duka la vitambaa Tanga, na baadaye duka la kurekebisha nguo hapa Toronto, kwa hiyo sindano ilikuwa kama kidole chake cha sita.

Mgeni akihamia jengoni, Mzee alikuwa na habari kabla masanduku hayajafunguliwa. Alimshusha stoo, akamtazama kutoka unyayo hadi utosi, akafungua kabati na kumtolea koti. Ninasema akamtolea. Mgeni hakuchagua kitu.

Mimi nilifika mwezi wa kumi na moja nikitokea Morogoro, na sweta ambalo mama yangu aliamini lingetosha. Nilikuwa nimekuja kufanya kazi ya uuguzi, mtu mzima na akili zangu. Kabatini nililiona koti jeusi, zuri, lenye kiuno. Nikasema, "Shikamoo Mzee. Naomba hilo jeusi."

"Marahaba mwanangu," alijibu, huku mkono wake umeshafika kwenye koti jingine, la rangi ya chungwa lililoiva, pana la kutosha watu wawili na mtoto. "Jeusi halionekani. Huku saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, na madereva wamechoka. Utavaa hili."

"Lakini ni kubwa."

"Utalijaza."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilimwambia nimeshamaliza kukua. Akasema hata mti husema hivyo. Nikaondoka nimelivaa, mikono imenifunika vidole, na kazini walinipokea kwa vicheko vya wiki nzima.

Lazima niwe mkweli lakini. Majira ya baridi ya pili, navuka barabara mvua ya barafu inanyesha, gari moja lilisimama hatua chache tu kutoka magotini mwangu. Dereva, mama wa makamo, aliteremka, akasema asingeliona lile koti angenipitia. Nikafanya kosa la kumsimulia Mzee. Mwezi mzima sikupata amani. Kila aliyeingia chumba cha kufulia alisimuliwa, na kila simulizi gari liliongezeka ukubwa, hadi likawa lori la takataka.

Siasa yake iliwashangaza watu wa jengo letu, ambako wengi wetu tulikuwa watu wa kudai haki. Mzee alikuwa mhafidhina, tena wa kujitangaza. Uchaguzi ukikaribia alivaa tai ya buluu, rangi ya chama chake, na kubandika bango la chama hicho kwenye roshani yake ya ghorofa ya juu kabisa, ambako waliweza kulisoma njiwa peke yao. Nilipolijua hilo nilimkabili moja kwa moja chumba cha kufulia. Nilimuuliza wahafidhina si ndio hao wanaotaka kila mtu ajibebee mzigo wake.

Alinitazama kwa huruma. "Hao ni wa juzi juzi," alisema. "Kaa hapo. Nguo zako bado zinazunguka."

Ndivyo darasa langu lilivyoanza. Kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine za kukaushia, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto la bure, na yeyote aliyeleta nguo alipata historia ya siasa, apende asipende. Masomo yalikwenda na mashine. Wakati wa kufua alieleza habari za mabwana wenye ardhi wa Ulaya ya kale. Bwana alikula vizuri na kulala pazuri, alisema, lakini mavuno yakiharibika ilikuwa juu yake kuwafungulia wakulima wake ghala. Asipofungua, ni aibu kwake mbele ya Mungu na mbele ya mabwana wenzake. Wakulima nao walimpa utii wao. Kila mtu alikuwa na mahali pake na kila mahali palikuwa na wajibu wake.

Mashine ilipoanza kukamua, viwanda viliingia. Mwenye kiwanda hakumjua mfanyakazi wala mama yake. Alimlipa Ijumaa, na Jumatatu akiugua akachukua mwingine. Tajiri na maskini wakawa wageni ndani ya nchi moja. Hapo, kwa maelezo ya Mzee, wakatokea wahafidhina fulani, watu wa mashamba na majumba makubwa, wakawageukia wenye viwanda wakasema haiwezekani. Wakashiriki kupitisha sheria za kupunguza saa za kazi za watoto na wanawake. Kiongozi wao mmoja akawaambia kwamba maji machafu na vibanda vibovu vya wafanyakazi ni mambo ya chama chao kuyashughulikia, wasiwaachie wengine.

"Usidhani walikuwa wajamaa," aliniambia, ameinua kidole. "Walikuwa na hofu, na walikuwa na haya. Walijua watu wakiachwa sana watavunja nyumba. Na walijua mtu wa heshima hali peke yake. Siasa nzuri inahitaji hofu kidogo na haya kidogo."

Kwenye kikaushio tulifika Ujerumani, kwa yule kansela mkali aliyewawekea wafanyakazi bima ya ugonjwa na ya uzee ili wasiwafuate wajamaa. Sehemu hii aliipenda mno. "Amewapokonya tonge mdomoni," alisema, na kila mara alicheka kana kwamba ndiyo kwanza ameisikia. Kisha vita vikubwa, kisha miaka ambayo hata wahafidhina walikubali hospitali na pensheni za watu wote, kisha wale aliowaita wa juzi juzi, walioamua kwamba soko litalea watoto. Hapa Kanada, alisema, wa aina yake walikuwepo tele. Walishughulika na reli, na umeme wa umma, na redio ya umma, na watu wakawaita wahafidhina wekundu.

"Mbona basi tai yako ya buluu?" nilimuuliza.

"Wekundu huwekwa ndani," alijibu. "Nje mtu anavaa kwa adabu."

Siku niliyomwuliza kuhusu mkulima ndiyo siku niliyopewa jina. Nilikuwa nakunja mashuka, na nikasema, "Mzee, huyo mkulima wa bwana. Kuna mtu aliyemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anataka kuwa na bwana."

"Mtoto huulizwa kama anataka dawa?"

"Mkulima si mtoto, Mzee. Ana ndevu."

Waliokuwepo walicheka, na Mzee akacheka nao, lakini tangu siku ile hakuniita mwanangu tena. Aliniita Upinzani. "Upinzani, umeamkaje?" "Mpisheni Upinzani apite na kapu lake." Na mimi nilijibu kwa cheo hicho, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikipenda.

Methali yake kubwa ilikuwa mkubwa ni jalala. Aliitumia pale mtu alipomletea lawama, na waliletwa wengi: mume aliyenuniwa, mpangaji mwenye jirani wa kelele, kijana wa Kikenya aliyefeli mtihani wa udereva na kuamini mtahini ana chuki naye. Mzee aliwasikiliza wote kwa uvumilivu nisiouweza hata nikiwa na sare ya kazi. Nilimwambia jalala la kweli halichagui taka, ila yeye huwachagulia watu hata cha kutupa. Nami nikamtupia yangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

"Kweli kabisa," alisema. "Ndiyo maana mwenye shibe alazimishwe kumjua. Hiyo ndiyo siasa yangu yote, umeifupisha vizuri."

Kugombana naye kulikuwa hivyo. Unarusha jiwe, analiokota, anajengea ukuta wake.

Mwaka ambao lifti zetu zilikufa, moja baada ya nyingine, tuliandaa maandamano kwenye ukumbi wa chini. Wazee walikuwa wanapanda ngazi kwa kupumzika kila ghorofa, na akina mama wanabeba vigari vya watoto mabegani. Mzee alitukasirikia. Alisema tunamfokea mwenye jengo kama watu wa mnadani, wakati mtu mwenye mali hukumbushwa wajibu wake kwa faragha, ili apate nafasi ya kuona haya. Akavaa suti, akafunga tai ya buluu, akashuka ngazi zote kwa miguu kwenda kumwona meneja. Alikaa huko muda mrefu. Alimweleza, nina hakika, kuanzia mabwana wa ardhi hadi bima ya Ujerumani.

Alirudi kwa ngazi zile zile. Nilimuuliza meneja kasemaje.

"Ameniuliza kama nataka kahawa," alisema.

Siku ya maandamano tuliposimama pale na mabango yetu, Mzee alitokea na birika kubwa la chai ya maziwa na vikombe vya karatasi. Alijiweka karibu na mlango, mbali kidogo na mabango. Mwandishi mmoja wa gazeti la mtaani alipomwuliza kwa nini anaandamana, alisema, "Sijaandamana. Nimeleta chai." Lifti zilipotengenezwa, sisi tulisema ni mabango, yeye akasema ni ile suti. Jambo hilo hadi leo halijaamuliwa.

Na msidhani aliwapa wenzake wa chama raha. Alinipeleka mara moja kwenye mkutano wa mgombea wao, kijana nadhifu aliyeongea vizuri juu ya kujitegemea na juu ya watu waliozoea kusaidiwa. Mzee alinyanyua mkono, akasimama, akafunga kifungo cha koti la suti. Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba maneno hayo si ya wahafidhina, ni ya wenye maduka. Kijana akatabasamu, akauliza kama yeye Mzee hakuwahi kuwa na duka.

"Ndiyo maana nayajua," alisema Mzee, na akaketi. Tulipotoka nje aliniambia atampigia kura hivyo hivyo, kwa sababu chama ni kama familia, huhami kwa ajili ya shemeji mmoja. Nilimwambia huo ni upumbavu. Akasema huo ni uvumilivu, nami nimwite teksi kwa kuwa barafu imeanza.

Nilimpenda sana mzee huyu. Naandika hili wazi hapa maana kumpinga kwangu kungeweza kumpotosha msomaji. Katika mji ambao mtu anaweza kufa nyuma ya mlango na majirani wakadhani amesafiri, yeye alijua nani hajaonekana tangu juzi. Lakini kupendwa naye kulikuwa kazi. Hakupokea kitu. Alipougua mafua nilimpelekea supu ya kuku, na kesho yake bakuli langu likarudishwa na jirani wa ghorofa ya tano, akinishukuru kwa supu. Mara alipoteleza kwenye barafu mbele ya jengo, watu wawili walikuja kumwinua, naye akawaambia wamtazame kwanza yule bibi aliyekuwa nyuma yake, ambaye alikuwa amesimama wima, hana tatizo lolote. Kutoa kwake kulikuwa njia moja, kama mlango wa dukani unaofunguka upande mmoja tu.

Mtu pekee aliyewahi kumnyamazisha alikuwa Mama wa Bukavu. Huyu ni jirani yake wa mlango wa pili, mjane aliyekuja na mabinti wawili. Mzee alisikia habari zake, akaona ni mama mwenye msiba, akamchagulia koti refu jeusi, zito, la heshima. Yaani lile lile jeusi nililonyimwa mimi! Mama akalipokea kwa mikono miwili. Hatukumwona nalo hata siku moja. Alitembea na jaketi jepesi kwenye baridi ya kukata masikio, na Mzee akawa anamsema kila Jumamosi, ati watu hawajui kuvaa.

Jumamosi moja mama yule alishuka chumba cha kufulia na koti mkononi, limekunjwa vizuri. Akaliweka kwenye magoti ya Mzee.

"Papa, merci," alisema. "Hii koti siipendi. Nililia kule Bukavu, nikamaliza. Huku mi nataka rangi. Mbona hukuniuliza?"

Hakupaza sauti. Akachukua nguo zake kwenye mashine akapanda juu. Mzee alibaki na koti magotini hadi mashine zote zikanyamaza. Mimi nikaendelea kukunja nguo zangu. Baadaye nilimwona mama yule na koti la rangi ya zambarau, ambalo alijinunulia mwenyewe. Nao walizoeana wakawa majirani wema. Alimpelekea Mzee mboga za sombe, yaani kisamvu, na nasikia za kwake Mzee alizila. Lakini lile swali hakuwahi kulijibu, na kabatini aliendelea kuchagua kama zamani.

Basi nikaenda kumwambia habari za Markham. Nilipanga kwenda peke yangu, lakini binti yake hakuweza kusubiri, nikamkuta ameshafika, ameketi kwenye kochi na mfuko mkubwa wa dukani miguuni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso umefungwa. Alikuwa ameambiwa.

"Kila kitu kimepangwa, Baba," binti alikuwa akisema. Ni mwanamke mwema, mhasibu, ana watoto wanaomwelewa babu yao na kumjibu kwa Kiingereza. "Chumba chako kiko chini, hakuna ngazi. TV yako mwenyewe. Jumamosi hii watu wa kuhamisha wanakuja. Na nimekununulia hili." Akatoa mfukoni koti la kijivu, jipya, kubwa ajabu. Akamwekea begani kulipima. Mikono ilimfunika vidole.

"Ni kubwa," alisema Mzee.

"Utavaa na sweta ndani. Halafu utalijaza, wewe kula tu."

Nilitazama ukutani, maana ningemtazama yeyote kati yao ningecheka, na haikuwa saa ya kucheka. Mzee alinigeukia. Sikuwahi kuyaona macho yake yakiomba kitu.

"Upinzani," alisema. "Huna la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelihifadhi tangu siku ile ya mashuka, nikilisubiria nafasi yake, na nafasi sasa ilikuwa imekaa mbele yangu na koti la kijivu begani. Nikasema, "Mzee, mtoto huulizwa kama anataka dawa?"

Binti alishtuka. Mzee alinikazia macho, kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakohoa, hadi machozi yakamtoka, na nilipompa leso akaipokea. Hiyo peke yake ilinitisha.

"Umenipata," alisema. "Umenipata kwa kamba yangu mwenyewe."

"Sijamaliza," nikasema, nikamgeukia binti. "Mdogo wangu, muulize."

"Nimuulize nini, Dada?"

"Anataka kukaa wapi."

"Lakini it's for his own good."

"Najua. Muulize tu."

Alinitazama kama nimemwomba avue viatu kwenye theluji. Kisha akasogea, akachuchumaa mbele ya kiti, na kwa Kiswahili chake cha nyumbani kisichotumika sana akasema, "Baba. Wewe unataka nini?"

Mzee alitazama dirishani, ambako bango la uchaguzi uliopita lilikuwa bado linawasalimu njiwa. Nilidhani atasema yuko sawa, hahitaji kitu, kama kawaida yake.

"Nataka kubaki," alisema mwisho. "Lakini bafuni naogopa."

Ndipo binti alipolia, na mimi pia, na Mzee akatukaripia wote wawili, akisema nyumba hii si ya msiba. Tukaongea hadi chai ikaisha. Yeye ndiye aliyeongea zaidi, kwa sababu mara moja alipogundua kwamba anaulizwa, hakutaka tuache. Bafuni viwekwe vyuma vya kushikia. Mama wa Bukavu apewe ufunguo, kama mwenyewe atakubali, na aulizwe leo hii. Theluji nzito ikianguka atakwenda Markham, kwa kuwa anataka kuwafundisha wajukuu historia kabla hawajaharibiwa na wale wa juzi juzi, na theluji ikiyeyuka atarudishwa. Binti alikubali yote, akauliza na kuhusu koti.

"Hilo," alisema Mzee, "sikulitaka tangu mwanzo. Lakini kabatini litafaa."

Jumamosi iliyofuata, siku ambayo watu wa kuhamisha wangekuja, nilimkuta stoo kama kawaida. Alikuwa na mgeni, msichana aliyetoka Eldoret kusoma uuguzi, amejikunyata ndani ya jaketi la jinzi. Mzee akamtazama kutoka unyayo hadi utosi. Akafungua kabati. Koti langu la chungwa lilikuwa limerudi humo baada ya kunitumikia miaka mingi, na niliuona mkono wake unalifuata wenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Ukalishika. Ukabaki hapo.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetia mguu kwenye maji asiyojua kina chake, "wewe unapenda lipi?"

"Hilo black, Mzee," alijibu msichana bila kufikiri. "Iko poa sana."

Ni lile lile la Mama wa Bukavu. Mzee alilitoa, akampa. Lilimkaa vizuri mno, na kiuno chake. Msichana akashukuru, akatoka akijitazama kwenye vioo vya mashine. Mzee alisimama akimfuata kwa macho, midomo imebanwa.

"Atagongwa," aliniambia.

"Umemuuliza, amejibu."

"Najua. Na atagongwa."

Akainama, akafungua kopo la biskuti, akatoa kipande cha ule utepe unaong'aa, akatoka akimfuata msichana kwa hatua zake ndogo za tahadhari hadi kwenye lifti. "Mwanangu," nilimsikia akiita, "samahani. Naomba ruhusa yako kushona kitu kidogo mgongoni. Ukikataa, basi."

Msichana hakukataa. Alirudi, akavua koti, akakaa juu ya mashine kusubiri. Mzee akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, koti magotini, akautia uzi mate na kuutafutia tundu la sindano. Alikosa, akakosa tena. Nikanyoosha mkono kuichukua sindano, kama ningefanya kwa mgonjwa yeyote kazini.

Alirudisha mkono wake nyuma. "Upinzani," alisema, "umeniuliza?"

Nikamuuliza. Akakataa. Tukakaa pale sote watatu, tukisubiri uzi uingie.